MREJESHO: Bima ya bodaboda

Wakuu, mnakumbuka niliuliza bima gani ya pikipiki ni nafuu na haisumbui, asanteni sana. Nilimsikiliza aliyesema nicheki stika ya bima kwenye TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima) kwa namba ya pikipiki, aisee ile ya zamani haikusoma kabisa, kumbe mwaka mzima natembea na karatasi tu! Nikakata bima ndogo (ile ya kumlipa uliyemgonga tu) kampuni nyingine nikakomaa waandike ya kubeba abiria, maana wakala alitaka aweke matumizi binafsi eti iwe chee. Mwezi jana nikagonga taa ya nyuma ya Noah hapa Mbagala, tukaenda polisi, mwenye gari kalipwa ingawa kwa kuzungushwa wiki tatu. Ila taa yangu na sait mira nimetoa mfukoni, ndogo haigusi chombo chako. Bima kubwa, ile inayogusa na chombo chako, bado naisikilizia.