150,000 ya nguo za kazi: mtumba wa Karume, mpya za Kariakoo au kitenge kwa fundi?

Binti_Tandale
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 23, nimemaliza chuo, na baada ya wiki tatu naanza kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja Posta, katikati ya Dar es Salaam. Kabati langu ni la mwanachuo: jinzi mbili, fulana, na madera ambayo mama ameanza kuyaazima bila kurudisha. Nina 150,000 niliyotenga kwa nguo tu. Viatu ninavyo.

Nguo nazipenda. Tangu kidato cha sita kila Jumamosi lazima niweke picha ya nilichovaa, na wapo watu wananifuata kwa hilo tu. Ila kuvaa kwa ajili ya picha moja ni tofauti na kuvaa siku tano mfululizo, umesimama kwenye daladala, mkono juu umeshika bomba. Sasa nimezunguka wikiendi mbili na nimechanganyikiwa.

Karume: blauzi zilizopigwa pasi na kutundikwa ni 5,000 hadi 8,000. Za kwenye rundo, mnazijua wenyewe, "chagua buku buku!", yaani elfu moja moja. Nimeona koti la suti la kike, kitambaa kizito, bitana nzima, lebo ya Ujerumani. Nikatajiwa 25,000, nikaondoka, nikaitwa, likashuka hadi 15,000. Limenizidi mabega kidogo, nikaliacha ila roho inauma.

Kariakoo, Mtaa wa Kongo: gauni la ofisi 35,000, sketi ya kubana 18,000. Lile gauni limekaa kwenye sanamu kama lilizaliwa nalo. Nikazunguka nyuma, nikakuta limebanwa pini kuanzia shingoni hadi kiunoni! Na kabla sijafika Msimbazi nimepishana na wadada wawili wamelivaa hilohilo.

Mtaa wa Uhuru: kitenge yadi 6 kwa 25,000. Fundi wa mtaani kwetu anataka 25,000 kwa gauni.

Nyie mngeanzia wapi?

Mzee_wa_Belo
Mdogo wangu, mimi ndiye ninayepiga kelele za buku buku, kwa hiyo chukua maneno yangu ukijua natokea upande gani.

Belo, yaani furushi la mtumba, likifunguliwa asubuhi, wa kwanza kuchagua si wewe. Ni wale wanaonunua kwetu vipande vizuri, wanafua, wanapiga pasi, wanatundika. Hiyo 8,000 unayotajiwa kwenye hanga saa sita mchana huenda mimi niliiuza 3,000 saa moja asubuhi. Ukitaka bei ya rundo na mali ya hanga, amka. Muulize muuzaji siku anayofungua, atakwambia, maana naye anataka wateja.

Namba za lebo zisikutishe wala zisikudanganye. Kumi na mbili ya Uingereza ni nane ya Marekani, na Ulaya bara wanaiita arobaini. Mwili ni uleule. Suruali usipopata pa kujaribia, funga vifungo, zungushia kiuno chake shingoni kwako. Ncha zikikutana nyuma ya shingo bila kuvuta, mara nyingi itakuenea kiunoni. Watu wanacheka, lakini angalia hata wanaocheka wanafanya.

Kisha inua nguo juani. Tundu ambalo hulioni mezani utaliona hapo. Kagua kwapa, kagua katikati ya miguu, pandisha na kushusha zipu mara tatu. Harufu ya belo inatoka ukiifua na kuianika, harufu ya kwapa la mtu mwingine kwenye poliesta haitoki, usijipe moyo.

Nguo za ndani kanunue mpya. Za mtumba Shirika la Viwango (TBS) lilishazipiga marufuku, na hata zisingepigwa, jamani.

Mama_Doti
Mwanangu, anzia kwenye kitenge. Yadi 6 kwa mwili wa binti ni gauni la kufika magotini na sketi, na kipande cha kilemba kinabaki. Kwa hiyo hiyo 25,000 igawe mara mbili kabla hujasema ni ghali.

Ila ujue unanunua nini. Geuza kitambaa: waksi nzuri rangi inakuwa kali pande zote mbili, ile ya kuchapwa upande mmoja nyuma imepauka. Omba uzi mmoja wa ukingoni, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inabaki kidonge kigumu, na hiyo kwa joto la Dar utajikausha mwenyewe. Wakikwambia ni "Holandi" kwa 25,000, cheka kwa adabu uendelee. Vlisco, wenye hiyo waksi ya Holandi, wapo Helmond kule Uholanzi tangu 1846 na kitambaa chao hakiuzwi bei hiyo. Jina likiwa kwenye ukingo halikuhakikishii kitu, wanaoiga wanaiga na ukingo.

Kiloweke na kukifua kabla ya kumpelekea fundi. Kikirudi, kirudi kikiwa bado kitambaa.

Binti_Tandale
Mama, shikamoo. Na chumvi je? Bibi anasema kiloweke kwenye chumvi kisichuje.

Mama_Doti
Marahaba. Bibi yako na mimi tumefundishwa na mtu mmoja.

SindanoMoja
Mama, samahani, mimi fundi na nitapingana nanyi wote wawili. Kitenge kinachochuja kitachuja tu, chumvi inakupa matumaini. Fua peke yake mara mbili tatu, maji yakitakata basi.

Nije kwenye koti. Dada, ulifanya vizuri kuliacha. Kiuno cha koti napunguza kwa 5,000 jioni moja. Mikono nafupisha. Mabega ni kitu kingine: lazima ning'oe mkono, nifumue bitana, nikate bega, nirudishe vyote vikae kama vilivyokuwa. Mafundi wachache wa mtaani wanaiweza, na anayeiweza atakutoza kuliko bei ya koti. Kwa hiyo mtumba nunua kwa mabega. Suruali nunua kwa nyonga. Vilivyobaki tutapunguza. Mtu anaacha suruali nzuri ya 7,000 kwa sababu imemzidi kiuno, wakati mimi naibana kwa 3,000 huku anasubiri.

Hilo ndilo naliona halijatajwa hapa. Mnabishana mtumba au fundi, wakati wateja wangu wanaotokelezea kuliko wote wanatoka Karume na kuja kwangu moja kwa moja hata nyumbani hawajafika.

Kuhusu gauni la kitenge: usimletee fundi picha ya gauni la kitambaa kinachovutika ukataka litokee vilevile. Kitenge hakivutiki. Lile linalobana kwenye picha, kwa kitenge utaingia lakini kukaa hutaweza, na wewe ni mtu wa mapokezi, kazi yako ni kukaa na kuinuka. Mwambie akuachie inchi moja ndani ya mishono ya pembeni, ukinenepa kwa chipsi za Posta tunafungua. Na ulipe nusu. Nusu nyingine siku unaichukua. Nasema hivi nikiwa fundi.

Kijana_Mchumi
Nashangaa hakuna aliyetaja viwanda vya nguo. Urafiki ilianza pale Ubungo 1968, Mwanza kulikuwa na Mwatex, leo tunashindana kujua belo linafunguliwa saa ngapi. 2016 Afrika Mashariki ilikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua, wengine wakarudi nyuma. Rwanda ndiyo iliyokaza: ushuru ukapanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 Marekani ikawasimamishia nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Sisi je? Wazee waliita nguo hizi "kafa Ulaya" na waliona aibu kuzivaa.

Binti_Tandale
Kaka hoja yako naielewa kabisa. Ila nina 150,000 na siku kumi na tisa.

Mzee_wa_Belo
@Kijana_Mchumi na lile gauni la pini la Mtaa wa Kongo limeshonwa Ubungo? Limetoka China na kontena, kama lilivyotoka belo langu Ulaya. Tofauti ni kwamba langu lilishafuliwa mara hamsini na bado halijafumuka, kwa hiyo mtihani limeufanya.

Kijana_Mchumi
Hapo umenibana. Lakini kitenge cha Mama Doti angalau kikishonwa hapa fundi wetu anakula.

Leso_ya_Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Nimewasoma nikacheka, kumbe shida zetu ni moja. Huku kwetu Kenya zile bora za belo twaziita kamera, na masalia ya mwisho ni fagia. Kuna wasichana pale soko la Gikomba, Nairobi, kazi yao ni kukuchagulia kamera, unawatumia vipimo na pesa, wao wakutumia nguo kwa basi. Mimi hununua hivyo kwa sababu kuamka saa kumi na moja kwenda soko la Kongowea siwezi, Mungu anisamehe.

Lakini dadangu, hakuna aliyetetea nguo mpya, wacha niitetee mimi. Kuna vitu vya kuvaa kila siku hadi vichoke, na hivyo nataka viwe vyeusi, vipya na vya saizi yangu. Sketi nyeusi ya mtumba mara nyingi weusi umeshaingia kijivu, dukani ndani huoni, ukitoka nje juani ndio waona. Nunua hiyo 18,000 ya Kariakoo na roho nyeupe. Rangi rangi na maua, nenda mtumbani, huko hakuna wa kufanana nawe.

SindanoMoja
Kwenye weusi yuko sahihi mia kwa mia. Hata uzi mweusi mpya unaonekana juu ya nguo nyeusi iliyopauka, siwezi kuuficha.

Mpita_Njia88
Halafu kwa nini mapokezi mwanamke lazima apendeze hivyo na bosi anavaa shati lilelile?

Mama_Doti
Mpita njia, pita.

Binti_Tandale
Narudi na majibu, naanza kazi Jumatatu.

Niliamka. Saa kumi na mbili na nusu niko Karume, siku waliyoniambia wanafungua. Koti la rangi ya kahawa changa, mabega yamenikaa kama nimepimwa, 18,000. Suruali mbili kwa 14,000, zote nimezinunua kwa nyonga, fundi amezibana viuno kwa 6,000. Na ndiyo, nilizungushia shingoni mbele za watu. Blauzi tatu za 5,000 na moja ya rundo kwa buku. Sketi nyeusi mpya ya Kariakoo 18,000, nilimwambia muuzaji anitolee ya kwenye rafu, ya sanamu sikuitaka. Kitenge 25,000, nimechoma uzi, muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Ufundi wa gauni 25,000 na sketi 12,000. Jumla 134,000. Nauli na mihogo 9,000. Zimebaki 7,000.

Kilichonishangaza ni ile blauzi ya buku. Rangi ya zabibu, mikono mipana, ilikuwa imejikunja chini kabisa ya rundo kama kitambaa cha kudekia. Lebo ya ndani inasema ni hariri. Nimeifua kwa mkono, nikaipiga pasi ya moto mdogo, nikaiingiza ndani ya suruali ya kahawia. Watu waliokuwa wananisifia kwa emoji wameanza kupiga simu kuuliza nimenunua wapi. Nimesema Karume, hawaamini, wanadhani nawaficha duka.

Gauni la kitenge limetoka zuri sana, nakaa na kuinuka, nimejaribu mara kumi. Ile sketi ya kitenge ndiyo bado. Fundi anasema njoo Alhamisi.

SindanoMoja
Alhamisi ipi?

Binti_Tandale
Alisema hivyo Alhamisi iliyopita, na ile ya kabla yake.

SindanoMoja
Ulimlipa nusu, sivyo?

Binti_Tandale
…Aliniambia ana mgonjwa nyumbani. Nikampa yote.

Mama_Doti
Jumatatu vaa suruali.