Mdako wa sebuleni kwa watoto wa miaka 5, 8 na 12

Swali: Mvua ikinyesha, wachezeje pamoja bila mdogo kushindwa kila mara?

Jibu: Chora duara la chaki, upana wa sahani, tia kokoto 12. Rusha nyingine juu, kokoa zote nje ya duara, idake. Rusha tena, rudisha zote ubakize moja; hiyo yako. Raundi inayofuata bakiza mbilimbili, kisha tatutatu. 12 inagawanyika vizuri, ndiyo maana. Usipodaka, zamu imepita.

Jibu: Mdogo mpe kimpira, kidunde mara moja ndipo adake, anapata muda wa kukokoa. Mkubwa atumie mkono wa kushoto. Kwenye vigae kokoto huteleza mbali, tandikeni mkeka, duara liwe la kamba.

Muulizaji: Asanteni sana. Kimpira hicho ndicho kilichokosekana.