Mjadala: Wizi wa mtaani upimwe kwa chati ya kiwandani?

Mleta mada, Mwanga, Kigoma
Wakuu, kikao chetu cha mtaa nusura kivunjike. Mwenyekiti alisoma matukio ya wizi: mwezi wa kwanza saba, uliofuata kumi na tatu. Hajamaliza, mtu akapaza sauti, "Imekaribia mara mbili!" Palepale mchango wa doria ukapandishwa, na vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaamriwa kuandikwa majina. Mwezi uliofuata yakawa manane. Makofi.

Mimi nimekaa miaka kwenye kitengo cha ubora cha kiwanda cha sabuni. Kila saa tunapima miche mitano, tunaweka nukta ya penseli kwenye chati: katikati mstari wa wastani, juu na chini mipaka. Walter Shewhart alichora ya kwanza mwaka 1924 huko Marekani, kwa ajili ya vifaa vya simu. Nukta ikicheza ndani ya mipaka, usiguse mashine. Tulikuwa na opereta aliyekaza skrubu kila mche ulipopungua gramu chache. Zamu yake ndiyo ilikuwa na miche mibovu kuliko zote.

Sasa tuseme mtaa una wastani wa matukio 9 kwa mwezi. Mipaka huwekwa juu na chini ya wastani, kwa umbali wa mara tatu ya kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, mara tatu ni 9. Mpaka wa juu 18, wa chini sifuri. Saba, kumi na tatu, nane: zote zimo ndani. Tumewaandika vijana wa watu kwa sababu ya bahati nasibu. Napendekeza chati ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na hatua za dharura zisubiri nukta itoke nje ya mpaka, au nukta nane mfululizo zikae upande mmoja wa wastani. Mnasemaje?

Fundi wa boti, Kibirizi
Nasema hivi: mashine yangu ya boti iliibiwa. Chati yako ingeniambia ni kawaida, nikalale?

Mleta mada
Pole kaka. Kawaida si halali. Wizi ukiwa tisa kila mwezi bila kutoka kwenye mipaka, ujue chanzo kimo kwenye mpangilio wetu wenyewe: mashine zinalala wapi, taa ya mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, inawaka au la, nani anashika ufunguo wa stoo. Hapo tubadilishe mpangilio. Kumkimbiza kijana mmoja hakuondoi hata tukio moja kati ya hayo tisa.

Mtu wa Nzega
Huku Unyamwezini sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ng'ombe walirudi bila penseli.

Mwalimu wa hesabu, Ujiji
Walirudi, na wapo waliochapwa bila kosa, tusisahau hilo.

Kuhusu chati niko na mleta mada nusu. Mwaka 1955 jimbo la Connecticut, Marekani, lilipoteza watu 324 kwa ajali za barabarani. Gavana akabana madereva wa mwendo kasi, 1956 wakawa 284, akajisifu. Mwaka 1968 watafiti Campbell na Ross walipanga takwimu za miaka ya nyuma, wakaonyesha kwamba 1955 wenyewe ulikuwa umepaa kupita kiasi. Idadi ingeweza kushuka tu hata bila amri. Makofi ya kikao chenu ni yaleyale.

Ila hesabu yako ya kipeuo inadhani tukio moja haliliburuti lingine. Genge moja likivunja nyumba nne usiku mmoja, umeandika manne wakati mkono ni mmoja. Mipaka yako itakuwa myembamba mno na utapiga kelele bure. Hesabu usiku wa tukio, usihesabu milango.

Mama Dagaa, Katonga
Nyote mnahesabu kwa kalenda. Sisi tunahesabu kwa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haziiti dagaa, vipe, boti zetu za uvuvi, vinapumzika, wanaume wako nyumbani. Likiingia giza wanaume wote wako ziwani, mtaani tumebaki sisi na watoto, na mwizi analijua hilo kuliko mtendaji. Mwezi mwandamo ni siku 29 na nusu, kwa hiyo giza linateleza kwenye kalenda. Kuna mwezi utabeba giza moja na kipande cha la pili. Nukta yenu itapanda, mtatafuta mchawi. Wekeni nukta moja kwa kila giza, na nyingine kwa kila mbalamwezi.

Mleta mada
Mama, umenifunga mdomo. Kiwandani tunaita kutenganisha zamu, na sikuwaza kwamba mtaa nao una zamu.

Mwenyekiti wa mtaa mwingine
Niseme ukweli wangu. Ukinibandikia hiyo chati ubaoni, kesho mtendaji ananiuliza kwa nini nukta imepanda. Mimi binadamu. Nitaanza kuacha kuandika kuku, halafu simu, mwisho tutakuwa na mtaa safi kwenye karatasi.

Mwalimu wa hesabu, Ujiji
Hapo ndipo penye mwiba. Chati ni ya kujifunza. Ukiifanya ya kumpimia mtu cheo, imekufa.

Mama Dagaa, Katonga
Basi kaunta buku isikae ofisini. Ikae kwangu kwenye meza ya kuuzia, kila mtu anapita hapo.

Mleta mada
Na ambao hawakuripoti? Fundi, wewe ulichukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi?

Fundi wa boti, Kibirizi
Sikuchukua. Kwenda na kurudi mara tatu kwa nauli gani?

Mama Dagaa, Katonga
Mwanangu, nakuandika sasa hivi. Mashine moja. Ilikuwa giza au mbalamwezi?

Fundi wa boti, Kibirizi
Giza, mama. Siku ya pili ya giza.