Mzee wa kisukari akianza kuongea ovyo usiku, tuanze na nini?

Mlezi_Kigamboni: Wakuu, mzee wa makao yetu ya wazee anameza glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari). Ikitokea usiku akatoka jasho, akatetemeka na kuongea ovyo, daktari hayupo, tufanye nini kabla ya gari kufika?

Nesi_wa_Zamu: Mpimeni sukari palepale kidoleni. Osheni kidole kwa maji na mkikaushe kwanza, maana mabaki ya embe au soda hupandisha namba kwa uongo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri: vijiko 3 vya chai vya sukari, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji. Rudieni kipimo baada ya dakika 15. Bado iko chini, mpeni tena. Ikishapanda, ale uji au mkate.

Akiwa hajitambui, msimnyweshe kitu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: uji unaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, angalieni pumzi. Mwenye ujuzi amwekee dripu ya dekstrozi 10% (maji ya sukari ya mshipani), mililita 150 hadi 200.

Mlezi_Kigamboni: Akizinduka, safari ya hospitali tuiahirishe?

Nesi_wa_Zamu: Hapana! Dawa hiyo hukaa mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, na sukari inaweza kushuka tena ndani ya saa 24. Dozi inayofuata isitolewe mpaka daktari aseme.

Mfamasia_Temeke: Naongezea: mpelekeni na pakiti zenyewe za dawa, siyo "kale kadonge keupe". Andikeni saa ya dozi ya mwisho, namba zote za glukomita (mashine ya kupimia sukari), na hali yake ya kawaida. Bila hiyo, kuchanganyikiwa kwake kutaitwa uzee.