Mashine ya kidole inanikata mshahara, sasa wanaleta ya uso. Nifanyeje?

BintiLangoni:
Assalam aleikum. Nafanya kazi jikoni katika hoteli moja huku Shela. Zamani tulitia saini daftarini, siku hizi ni kubonyeza kidole mlangoni. Mimi nakuna nazi, napara samaki, nasugua masufuria. Alama za vidole zimelika. Nabonyeza gumba, taa nyekundu. Nakifuta kwenye leso, najaribu cha shahada, nyekundu tena. Mlinzi ananiona naingia, wapishi wananiona, lakini mwisho wa mwezi meneja anasoma ripoti: sikuwepo. Pesa zimekatwa.

Sasa inakuja kamera ya uso. Mimi navaa ninja, na nimeambiwa nifunue pale getini kila asubuhi, vijana wa boti wakiwa wamekaa palepale. Nikikataa, kazi nitabaki nayo? Nina watoto.

NahodhaMstaafu:
Pole mwanangu. Sisi wavuvi kamba na chumvi zimetumaliza vidole kitambo. Lakini hata siku ya kura, kidole kikigoma, karani huingiza nambari ya kitambulisho nawe unapiga kura yako. Vipi hoteli ishindwe?

Malindi_Kwetu:
Tusiwaonee wenye hoteli. Nimekuwa msimamizi, nalijua daftari: mmoja anawatilia saini watatu walio kwao wamelala. Anayekuja kazini kweli anaogopa nini?

WakiliWaBaraza:
@Malindi_Kwetu, huyu anakuja kazini kweli, na ndiye aliyekatwa. Umejijibu.

Dada, hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka alama za vidole na uso katika data nyeti. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo zito, na mshahara ni zito. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inaruhusu kukata siku usiyokuja bila ruhusa. Siku ambayo mashine haikukutambua si hiyo.

Usigombane, andika barua. Uliza picha zitakaa wapi, nani anazifungua, zitafutwa lini ukiacha kazi. Omba njia nyingine: kadi, au mfanyakazi mwanamke akuhakiki chumbani. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ni bure, na sheria inampa siku 90. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliipiga kilabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

MwanaShela:
Na msidhani ya uso itakuwa na huruma. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kubaini jinsia ya mtu kwa sura. Kwa wanawake weusi kuna iliyokosea hadi asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hakuna iliyofika hata asilimia 1. Utatoka kwenye kidole uingie kwenye sura, na ripoti iseme yaleyale.

BintiLangoni:
Ahsanteni. Madobi wawili wana shida kama yangu, wamekubali tuandike pamoja. Mlinzi anaogopa kutaja jina lake. Barua iwe ya Kiswahili?

WakiliWaBaraza:
Kiswahili kinatosha, tia tarehe na ubaki na nakala. Mlinzi muacheni, naye anatafuta riziki. Hapo getini hakuna kamera ya usalama? Kama ipo, ombeni video za siku mlizokatwa. Ni haki yenu kuziona.

BintiLangoni:
Ipo, juu ya mlango kabisa.