Kamba ya Bosi

*Kikundi: Ukoo Wetu. Jumamosi, saa 1:40 asubuhi*

Mama: [picha]

Mama: Wanangu mmeamkaje. Angalieni vidole vyangu. Msishtuke.

Salma: Shikamoo Mama. Kushtuka nishashtuka. Umeungua na nini?

Mama: Marahaba. Si moto. Ni kamba ya mbwa Bosi, ile ya kujivuta aliyoileta Idi, uzi unatoka na kujirudisha wenyewe ndani ya kishikio cha plastiki.

Mjomba Hamisi: Nilisema mimi. Mbwa ni mnyororo.

Salma: Mjomba subiri kwanza. Mama, ilikuwaje?

Mama: [ujumbe wa sauti, dakika 2:14]

Shangazi Mwanaidi: Niko kwenye watu siwezi kusikiliza, andikeni basi

Tatu: Naandika mimi, nilikuwepo. Tulikuwa tunatembea vizuri tu, Bosi anatangulia, anarudi. Akatokea paka. Bosi akachomoka, kamba inatoka tu vrrrrr. Bibi akaona anaelekea barabarani, akaidaka kwa ule mkono mwingine. Ule uzi wenyewe, si kishikio. Ukapita kwenye vidole vinne kama msumeno. Akaachia kila kitu

Tatu: Sasa kile kidude cha plastiki kikawa kinamfuata Bosi kwa nyuma, kinagonga chini ko ko ko, naye anadhani anafukuzwa. Ndiyo akazidi mbio. Nimemkuta uvunguni mwa gari lililoegeshwa, anatetemeka mwili mzima

Shangazi Mwanaidi: Maskini. Wifi pole sana jamani. Na mbwa naye pole

Mama: Asante wifi. Mwanzo palikuwa na mstari mweupe tu, nikasema si kitu. Tumefika nyumbani ukawa mwekundu, usiku ukatoa maji.

Salma: Mama usiyatumbue hayo malengelenge. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa kikavu kisafi. Ukiona pamevimba au usaha, unakwenda kituo cha afya bila mjadala. Vidole vinakunjika vyote?

Mama: Vinakunjika. Hiki cha kati kwa kuringa kidogo.

Idi: Ndio naamka. Mama pole sana. Lakini ile kamba ni nzuri jamani, imeandikwa mbwa hadi kilo 50. Bosi ana 31. Na ina kitufe cha breki

Salma: Kaka, breki mtu anaikumbuka akiwa ametulia. Ukishtuka mkono unadaka kilicho karibu.

Mjomba Hamisi: Mnyororo.

Baba Mdogo: Habari za asubuhi wote. Shemeji pole. Idi, hizo kilo zilizoandikwa ni uzito wa mbwa tu. Mbwa aliyekwisha kupata mbio ni habari nyingine. Kamba ya mita 5 inampa nafasi ya kuchanganya kasi, halafu kamba ikiisha kasi yote inaishia mara moja kwenye shingo yake na bega la mama yako. Kamba fupi haimpi hiyo nafasi. Nguvu ya mbwa ni ileile, ila hajapata kasi.

Idi: Hapo sawa Baba Mdogo. Mimi nilitaka apate uhuru kidogo, asitembee kama mfungwa

Baba Mdogo: Nia njema. Ila mbwa akizoea ile anajifunza kwamba akivuta anaongezewa. Tangu mwezi uliopita anavuta zaidi au kidogo?

Tatu: ZAIDI 😂

Tatu: Babu unajuaje

Baba Mdogo: Nimeshona mikanda ya watu na ya mbwa miaka mingi. Wateja huja na vilivyokatika, kila mmoja na hadithi yake.

Mjomba Hamisi: Mnyororo haukatiki. Hautafuniki. Basi.

Baba Mdogo: Shemeji Hamisi, mnyororo mzima mzima unampiga mbwa taya na meno kila akigeuka, na mkononi unakula ngozi vilevile. Haunyumbuki hata kidogo, kila mshtuko unakwenda kwenye bega la anayeshika. Kama shida ni meno, unaweka mnyororo kipande kifupi upande wa mbwa, sentimita 30 hivi, kinachobaki ni mkanda. Ila Bosi anatafuna lini?

Tatu: Akifungwa getini akisubiri. Akiwa anatembea hana habari nayo

Baba Mdogo: Basi asifungwe nayo. Kamba ya kutembelea si ya kufungia.

Mjomba Hamisi: Haya. Mimi nimesema yangu.

Tatu: Kuna ile ya kuvaa kiunoni, nimeona video, mikono inabaki huru unakimbia naye

Salma: Tatu. Bibi yako. Kiunoni. Bosi. Paka.

Tatu: Nafuta wazo shangazi

Salma: Nacheka lakini si la kucheka. Ngojeni niwaambie kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipitia rekodi za 2001 hadi 2020. Kwa makadirio yao watu wazima zaidi ya 420,000 walipokewa idara za dharura kwa kuumia wakitembeza mbwa wa kamba. Jeraha lililoongoza ni kidole kuvunjika. Lililofuata ni ubongo kuumia, kwa sababu mtu anavutwa anaanguka na kichwa. Halafu bega. Wengi wao wanawake. Na wenye miaka 65 kwenda juu walikuwa na uwezekano wa kuanguka zaidi ya mara 3 kuliko wenye umri mdogo. Mama una miaka mingapi?

Mama: Unajua miaka yangu Salma, usinitangaze kwenye kikundi.

Shangazi Mwanaidi: 😂😂😂

Salma: Na swali jingine. Kamba ya kawaida, ile ya zamani, ulikuwa unaishikaje?

Mama: Naizungusha kiganjani mara mbili tatu, isiniponyoke.

Salma: Ndiyo yenyewe Mama! Ukizungusha, mbwa akivuta inakaza kama kitanzi, vidole havina pa kutokea.

Mama: Sasa nikiishika vivi hivi akaponyoka akaingia barabarani? Nitakuwa nimemuua mimi.

(Dakika sita hakuna aliyeandika.)

Idi: Mama bora aponyoke kuliko uvunjike nyonga

Mama: Wewe hukumuona jana alivyokuwa anaangalia magari. Mimi simwachii.

Salma: Mama sikulaumu. Lakini hukumu isiwe ama wewe ama yeye, tutafute namna asiweze kukuvuta hivyo tangu mwanzo. Baba Mdogo?

Baba Mdogo: Ipo. Kwanza toeni kamba kwenye kola. Kola ibaki na kibati chake cha jina, basi. Anunuliwe mkanda wa kifuani, ule wenye pete MBELE, katikati ya kifua, si wa pete mgongoni peke yake. Pete ya mgongoni mbwa anaegemea anavuta kama punda wa mkokoteni, kifua chote kinamsaidia. Pete ya mbele akivuta anajigeuza mwenyewe, anajikuta anakutazama. Haimfundishi adabu, hilo ni kazi yenu, lakini inampunguzia ubabe.

Baba Mdogo: Pili, kamba iwe bapa, ya nailoni au ngozi, mita 1.8 haizidi, upana wa sentimita 2 au na nusu. Nyembamba inakata mkono. Ngozi mpya ni ngumu, ila baada ya miezi michache inalainika inashikika vizuri kuliko vyote, mradi ipakwe mafuta isikauke. Nailoni haina matunzo lakini ikiteleza mkononi inachoma. Kwa mkono wa shemeji ulivyo sasa mimi ningechagua ngozi.

Shangazi Mwanaidi: Na hizi za mpira zinazonyumbuka? Jirani anayo

Baba Mdogo: Zinameza mshtuko, kweli, ila ukitaka kumsogeza upesi zinarefuka kwanza. Kwa mbwa aliyetulia. Bosi bado.

Shangazi Mwanaidi: Na huyu wangu mdogo, kilo 4? Yeye havuti sana ila akivuta tu anakohoa kama bata bukini

Baba Mdogo: Mtoe kola leo hii dada. Mvalishe mkanda wa kifuani, na daktari wa mifugo amsikilize koo. Mbwa wadogo wengi koromeo lao ni laini, kola inalibana.

Salma: Hata macho. Kuna utafiti wa 2006, walipima presha ya ndani ya jicho mbwa wakivuta. Kwa kola ilipanda, kwa mkanda wa kifuani haikupanda hivyo.

Shangazi Mwanaidi: Miaka minne namwambia anajidekeza 😢

Baba Mdogo: Shemeji, ile kamba ya zamani bado ipo? Nipigie picha ya klipu, ile ya kunasia kwenye kola. Karibu kabisa.

Mama: [picha]

Mama: [picha]

Baba Mdogo: Kibonyeze kile kiulimi halafu kiachie. Kinarudi chenyewe chote?

Mama: Kinarudi nusu. Nikikisukuma kwa kidole ndio kinafika.

Baba Mdogo: Chini ya kiulimi kuna nini? Naona rangi ya kahawia.

Mama: Kutu. Na mchanga.

Baba Mdogo: Hiyo siku moja Bosi angejigeuza tu ingefunguka. Klipu nzuri unasikia "tak" na hakuna uwazi hata wa kucha. Na shingo ya klipu izunguke, kamba isijisokote. Sasa geuza, nionyeshe mshono wa kitanzi cha mkono.

Mama: [picha]

Baba Mdogo: Mstari mmoja wa uzi, na umeshaanza kuchomoka pembeni. Mshono wa kubeba mzigo unakuwa kisanduku chenye msalaba ndani. Nikija Jumanne nakuletea ya ngozi, nashona mwenyewe. Nitakuwekea na kishikio cha pili chini, karibu na mbwa, cha kushika mkiwa mnavuka barabara. Mkanda wa kifuani Idi atanunua, yeye ndiye mwenye makosa 😄

Idi: Nakubali kosa. Saizi je?

Baba Mdogo: Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele. Tatu apime kwa utepe, si kwa macho. Akishavaa, vidole viwili vipite chini ya kila mkanda, visizidi. Ukilegea anarudi kinyumenyume anauvua. Kama ni fundi wa kuuvua, kuna kikamba kifupi cha kuunganisha mkanda na kola, ukitoka kimoja kingine kinabaki.

Tatu: Sentimita 74. Amenilamba sikio

Salma: Na Mama, namna ya kushika: kitanzi kiwe ndani ya kiganja, kisipite kwenye kifundo cha mkono. Kamba inayobaki unaikunja mikunjo juu ya mkunjo kama kitambaa, usiizungushe. Mkono wa pili uwe chini kidogo. Ukiona paka wewe kabla yake, geuka mwende mlikotoka.

Mama: Nikiona mimi kabla yake. Macho yangu haya.

Salma: Ndio maana Tatu anakwenda na wewe mpaka kaka arudi.

Tatu: Sawa ila saa 12 asubuhi ni mapema jamani

Mjomba Hamisi: Saa 12 mimi nakuwa nimeshaamka. Dada, nitapita mimi siku za shule.

Mama: Bila mnyororo lakini.

Mjomba Hamisi: Bila mnyororo.

Idi: Na uhuru wake basi jamani, hatakimbia tena?

Baba Mdogo: Mkiwa uwanja mtupu, hakuna barabara, mtumie kamba ndefu ya mafunzo, mita 10, bapa, imefungwa pete ya MGONGONI, inaburuta chini. Pete ya mbele ni ya kamba fupi tu. Wewe Idi ndiye wa kuishika, na glavu. Mfundishe kuitika kwanza.

*Alhamisi, saa 12:50 asubuhi*

Mjomba Hamisi: [picha]

Mjomba Hamisi: Tumerudi. Tumepita paka wawili. Kwa wa kwanza Bosi alivuta, mkanda ukamgeuza, akabaki ananitazama mimi kama nimemdhulumu. Kwa wa pili hakuvuta.

Mama: Mimi nilishika kamba nusu ya njia. Mkono haujauma. Ngozi inanukia vizuri shemeji.

Baba Mdogo: Ikinyeshewa ikauke kivulini, si juani.

Shangazi Mwanaidi: Ile ya kujivuta naiomba mimi basi, wangu ni mdogo haina neno

Baba Mdogo: Dada usiichukue. Uzi wake umeshakwaruzika, ukikatika ukiwa umekazwa unarudi usoni kwa aliyeshika. Asipewe mtu. Ukatwe utupwe.

Mama: Mkasi umeshafanya kazi yake.

Tatu: Uzi uliobaki umejirudisha wote ndani vrrrrrp. Bosi yuko chini ya kitanda cha Bibi tangu hapo, hata kwa mfupa hatoki