Mama ameshachagua kwenye fomu ya POLST, mimi ndiye nimeificha. Naombeni ushauri

Habari zenu ndugu. Naishi na mama hapa California, ana miaka 84, moyo umechoka na figo nazo zimeanza kugoma. Daktari alitupa fomu ya POLST, ile karatasi ya rangi ya waridi ya kuandika tiba gani mgonjwa anataka na ipi hataki hali ikiwa mbaya, akasema tuizungumze nyumbani. Nikamsomea mama kwa Kiswahili: moyo ukisimama, wajaribu kukufufua au wakuache? Akauliza wapi pameandikwa "waniache". Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, akatulia. Nikaikunja karatasi nikaificha chini ya kanga kabatini. Kaka yangu anasema mama akisaini, mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Silali.

MuuguziUsiku: Pole sana dada. Kukataa kufufuliwa si kukataa kutibiwa. Sehemu inayofuata ya fomu ndiyo ya kukaa nayo: tiba zote hadi mashine ya kupumulia, au dripu na antibayotiki bila mpira kooni, au kuondolewa maumivu tu. Anaweza kukataa kukandamizwa kifua na bado nimonia ikatibiwa. Nimewahi kukandamiza kifua cha bibi mwembamba, nikasikia mbavu zikivunjika chini ya viganja vyangu. Mwambie kaka yako hilo.

Mzee Baraka: Karatasi ikiwa kabatini ni kama haipo. Ukipiga 911, wale wa gari la wagonjwa wasipoiona wataanza kumfufua, ndiyo kazi yao. Sisi ya baba tuliibandika mlangoni mwa friji. Na haitumiki mpaka isainiwe na mama na daktari.

Mwanaidi: Msichanganye na ile ya kumteua mtu wa kukusemea ukishindwa. Ile hata kijana mzima anajaza. POLST, iliyoanzia Oregon mwaka 1991, ni agizo la tiba kwa mgonjwa mahututi au mzee aliyedhoofu. Jazeni zote mbili. Halafu ni hiari, mama akibadili mawazo hata kesho inafutwa. Kaka yako amsikie mama mwenyewe, wewe usiwe tarishi kati yao.

Mwenye uzi: Asanteni, nimelia. Nimeitoa kabatini. Jumamosi tunampigia kaka kwa video, mama ataongea. Ameniambia nisimkatize.